Kiingereza cha biashara kianze na sabuni, si na orodha ya maneno

Butembo na Beni, vibao vya masomo ya Kiingereza viko vingi. Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wanaona kwamba Kifaransa peke yake hakitawavusha Kasindi. Hawakosei. Ng'ambo ya mpaka, kule Mpondwe, Kiswahili kinatosha kupatana bei na kuagiza chai, lakini karatasi za mzigo ziko kwa Kiingereza, na anayetia sahihi bila kuelewa ndiye anayelipa.

Shida iko katika kinachofundishwa. Mwanafunzi anapewa orodha: "brand awareness", "target market", "market share". Anaikariri, anapata cheti, anarudi nyumbani. Kwa kijana ambaye baba yake ana duka, hasara ni ndogo. Kwa familia iliyokimbia Mbau au Eringeti, inayolala kwa jamaa Oicha na kuhesabu franka za unga, makuta ya masomo hayo yametoka kwenye sufuria.

Na maneno hayo si mageni kama yanavyofanywa. "Brand" ni chapa. Neno lenyewe lilitoka kwenye moto: wafugaji walichoma ngozi ya ng'ombe kwa chuma ili kila mtu ajue ni wa nani. Mama wa soko anaijua chapa pengine kuliko mwalimu wake. Anaomba Omo hata kama sabuni ya unga iliyoko mezani ni ya kampuni nyingine. Anamtuma mtoto kununua Bic, akimaanisha kalamu yoyote. Maharagwe anayapima kwa Guigoz, kopo lililokuja na maziwa ya watoto wachanga. Maziwa yalikwisha zamani, jina likabaki kuwa kipimo. Shule gani ya biashara ina mfano mzuri kupita huo? Na anapoongeza konzi moja ya maharagwe juu ya kopo ili mnunuzi arudi kesho, anafanya kile ambacho Waingereza wanaita "customer loyalty". Akianzishwa hapo, neno halimtoki tena.

Mahali ambapo mwalimu anahitajika kweli ni kwenye maneno yanayofanana na Kifaransa lakini hayasemi kitu kimoja. Hapo ndipo Mkongomani anapoanguka. "Patron" kwa Mkongomani ni bosi. Katika Kiingereza cha duka au hoteli, "patron" ni mteja. "Commercial" kwa Kifaransa ni mtu anayezunguka akiuzia kampuni. Kwa Kiingereza ni tangazo la redio au televisheni. "Société" ni kampuni, lakini "society" ni jamii. Linaloweza kula makuta zaidi ni "publicité". Tangazo unalolipia, Kiingereza kinaliita "advertising". "Publicity" ni kule kusemwa na watu na magazeti, kwa mema au kwa mabaya. Mfanyabiashara wa Butembo anayeomba "publicity" Kampala anaweza kuletewa kitu ambacho hakukiagiza.

Kisha kuna sabuni. Akina mama wengi waliohama wamefundishwa kutengeneza sabuni ya maji. Wengine wanaitia katika chupa za maji zilizookotwa, bila jina lolote. Mtu akiipenda, hajui amtafute nani. Kipande cha karatasi chenye jina, kiasi, mahali ilipotengenezwa na namba ya simu, hiyo ndiyo "label", na maneno ya Kiingereza yanayoandikwa juu yake hayafiki kumi. Wiki moja inatosha kuyajua. Wakumbushwe pia kwamba chapa bado si "trademark": hiyo ni jina lililoandikishwa kisheria, na jina lisiloandikishwa ni rahisi mwingine kulichukua.

Kakao inaonyesha gharama ya kukosa jina. Wakulima wa Beni wanaivuna huku wakihofia kuuawa shambani, halafu nyingine inavushwa kwa magendo na kuuzwa kama kakao ya Uganda. Neno linalopotea njiani ni "origin", yaani asili ya bidhaa. Lakini chokoleti ya Virunga, inayotengenezwa Beni kwa kakao ya eneo hilo hilo, imefika hadi Ulaya ikibeba jina la mbuga. Kumbe jina la mahali penye vita linaweza kuuza. Mkulima aliyejaza gunia alistahili kulijua neno hilo kabla ya mtu wa masoko.

Mashirika yanayolipia masomo ya waliohama yamwulize mwalimu kabla ya kutoa dola: mwanafunzi ataleta bidhaa gani darasani siku ya kwanza? Kama jibu ni daftari tu, afadhali dola hizo zinunue chupa mpya na karatasi za kubandika.