Mukombero Una Nambari Ohio

Steji ya Kakamega, kabla matatu ya Kisumu haijajaa, hukosi mama wa kukuletea mukombero dirishani. Unalipa, unatafuna. Mzizi unaanza na ukali kidogo, halafu harufu kama ya vanila inakukaa mdomoni mpaka Chavakali.

Mzizi huo uliniibia miezi saba. Nilikuwa nafanya shahada ya uzamili ya kemia ogania, chuo sitakitaja. Nikakausha, nikasaga, nikaloweka kwenye methanoli, nikachuja, nikatenganisha kampaundi mojamoja kwa silika. Nilipomaliza nikaenda maktaba kurudisha vitabu, na chini kabisa kwenye rafu ya tasnifu nikakutana na kazi yangu. Mtu alikuwa ameshaifanya miaka kumi na mmoja kabla yangu. Mzizi uleule, msitu uleule, kampaundi zilezile. Kwa nini sikuipata mapema? Kwa sababu kwenye orodha ya maktaba kuna jina la mwanafunzi, mwaka, na kichwa kinachosema amechunguza "mmea teule wa dawa". Mmea gani? Hakuna aliyeuliza.

Nilichoka, bana. Lakini miezi saba si kitu. Kinachoniudhi ni kwamba tunaita hii utafiti.

Kemia ogania ina balaa lake: kitu kimoja kina majina mengi. Ile harufu ya mukombero inatokana na molekuli inayoitwa 2-hidroksi-4-methoksibenzaldehaidi. Mwingine anaiita 4-methoksisalisilaldehaidi. Ni ileile. Ukitafuta kwa jina moja, unawapoteza wote waliotumia lile lingine. Ndiyo maana mwaka wa 1907 Wamarekani walianzisha Chemical Abstracts, wakawa na watu kazi yao ni kusoma majarida ya kemia ya dunia nzima, kuyafupisha na kuyatengenezea faharasa. Mwaka wa 1965 wakaanza kuipa kila kampaundi nambari yake, kama kitambulisho. Ofisi zao ziko Columbus, Ohio. Harufu yetu huko ni 673-22-3. Fuata nambari hiyo na utafika India Kusini, ambako mzizi wa mmea mwingine, Decalepis hamiltonii, una molekuli hiyohiyo. Ukitafuta "mukombero" hufiki huko hata ukeshe.

Na Kilatini nacho hakiaminiki. Kuna wanaoandika Mondia whytei na kuna wanaoandika Mondia whitei. Herufi moja tu, na mashine isiyojua hilo inakuonyesha nusu ya kazi zilizofanywa. Wewe unadhani umeona zote.

Nikiwaambia wakubwa haya, napata majibu mawili.

La kwanza ni pesa. Kweli, SciFinder, mlango wa kuingilia hazina ya Ohio, hulipiwa. Lakini PubChem ya serikali ya Marekani iko wazi bure tangu 2004. Na tangu 2005 kuna InChI, msimbo unaotokana na umbo la molekuli yenyewe: unachora pembesita na matawi yake, programu ya bure inakutolea mstari wa herufi na tarakimu. Mtu wa Kakamega na mtu wa Chennai wakichora molekuli moja, wanapata mstari mmoja. Hapo hatuwezi kusingizia umaskini. Kazi ya dakika kumi tu, na hatuifanyi.

La pili ni wizi: tukianika kazi zetu, wageni watachukua dawa zetu. Hili silidharau, kwa sababu limetokea kwa wengine. Mwaka wa 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo bibi zao India walilijua zamani. Lakini Wahindi hawakushinda kwa kuficha. Walipeleka maandishi yao ya kale, na mwaka wa 1997 hataza hiyo ikafutwa. Mwaka wa 2001 wakaanza kujenga maktaba ya kidijitali ya tiba zao za jadi, ili mkaguzi wa hataza akitafuta, azikute. Sisi siku yetu ikifika tutapeleka nini? "Mmea teule"? Mkaguzi hatapanda matatu aje kupekua rafu zetu. Siri ya mganga ni yake, asiandikwe bila ridhaa yake. Ila tasnifu iliyopitishwa na chuo si siri tena. Imepotea tu, na mwizi hapati shida na kitu ambacho mwenyewe hawezi kuthibitisha kuwa ni chake.

Kwa hivyo sidai jengo wala ruzuku. Nadai ukurasa mmoja. Tasnifu yoyote ya kemia ya mimea isipitishwe bila ukurasa wenye jina la Kilatini kwa tahajia zote zinazotumika, jina la mmea kwa lugha ya hapa, mahali ulipochimbwa, na InChI ya kila kampaundi. Uwekwe kwenye tovuti ya chuo, wazi, bila nywila. Na wewe uliye mwaka wa mwisho, usingoje seneti ikae. Andika wako sasa. Ukiwa na nguvu, chukua tasnifu nyingine moja ya zamani kwenye rafu yenu uiandikie wake.

Mimi nimeanza. Nilimtafuta yule aliyenitangulia, nikapata nambari yake, nikapiga kuomba ruhusa. Kemia aliiacha kitambo, siku hizi ana duka la mbolea na mbegu. Nikamweleza nataka kutengeneza ukurasa wa tasnifu yake, jina lake liwe juu ya langu. Akanyamaza kidogo.

"Mdogo wangu," akasema, "kwani kuna mtu aliisoma?"

Nikamwambia ndiyo, ila nilichelewa miezi saba.