Pikipiki ya Umeme na Haki ya Baiskeli

Msomaji, husemwa siku hizi kwamba pikipiki ya umeme itamwokoa maskini wa Kisumu. Sizikatai sifa zake. Haitoi moshi, haipigi kelele, na umeme wa Kenya aghalabu hutokana na mvuke wa Olkaria na maji ya mito kama Sondu, hali petroli yote hununuliwa ng'ambo. Dereva anayepiga hesabu yake jioni huiona faida, ijapokuwa betri mara nyingi si mali yake. Huikodi, na nguvu ziishapo hana budi kuitafuta nyingine kituoni.

Lakini hiyo ni faida ya dereva. Mwanafunzi wa Nyalenda asiye na nauli amepata nini? Mchuuzi wa samaki atokaye Dunga na beseni kichwani amepata nini? Mji wetu umekaa tambarare kando ya ziwa, na kabla ya ushuru wa pikipiki ndogo kuondolewa mwaka 2008, bodaboda nyingi hapa zilikuwa baiskeli. Chombo hicho hakidai petroli wala betri. Chadai ukingo wa barabara tu, nao tumeujaza vibanda na magari yaliyoegeshwa!

Fedha ya umma, basi, na itangulie kutengeneza njia za miguu na baiskeli kutoka Nyalenda na Manyatta hadi mjini. Vituo vya betri vifuate. Na anayeicheka baiskeli kuwa ni ya kale, asimame Kondele saa moja asubuhi, awahesabu waendao kwa miguu.