Ndoa Huvunjika, Uzazi Hauvunjiki

Talaka si neno geni katika pwani yetu. Toka Lamu hata Vanga ni nadra kupata ukoo usiokuwa na mume aliyeacha au mke aliyeachwa, na wengi katika hao wakaoa na wakaolewa tena, maisha yakaendelea. Kwa sababu hiyo tumeizoea, na jambo likizoewa halitazamwi tena. Twajadili mume kakosa nini na mke kafanya nini. Mahari, eda na vyombo vya nyumba vyote vina wasemaji wake. Mtoto ndiye asiyekuwa na msemaji.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii yatufunza jambo ambalo aghlabu hatulitii maanani. Nyasi haziumizwi na kuachana kwa fahali. Huumizwa na kupigana kwao.

Wataalamu wa Marekani wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Bibi E. Mavis Hetherington alifuatilia familia zipatazo 1,400 kwa miaka mingi, akatoa kitabu chake mwaka 2002. Aliona kwamba katika watoto wa wazazi walioachana, kiasi cha robo walikuwa na matatizo makubwa, ilhali kwa watoto wa wazazi waliokaa pamoja walikuwa kiasi cha mmoja katika kila kumi. Hesabu hiyo yasomeka pande mbili. Hatari imezidi mara mbili na zaidi, na hilo si la kupuuzwa. Lakini watatu katika kila wanne walisimama wakawa watu kama watu. Kabla yake, mwaka 1997, Paul Amato na Alan Booth walikuwa wameonyesha kwamba palipokuwa na ugomvi mkali nyumbani, watoto walipata nafuu baada ya wazazi kuachana. Bali palipokuwa na ugomvi mdogo, talaka ndiyo iliyowaumiza, kwani iliwaangukia kama nazi gizani.

Marekani si Mvita wala Malindi, na jamaa zetu hazikai kama zao. Hata hivyo, mtoto ni mtoto. Walimu wa skuli na wa chuo wawajua watoto hawa: aliyekuwa mwepesi wa kuhifadhi akawa mzito ghafla, aliyekuwa mcheshi akajitenga, mkubwa akarudia kukojoa kitandani, mwengine kila asubuhi tumbo lamuuma na daktari haoni ugonjwa. Sisi twamwita mtundu au mvivu. Yeye huenda akajiona ndiye sababu, kwani watoto wengi hudhani wazazi wao wameachana kwa makosa yao wao.

Hapa nasaha na desturi zetu zahitaji kupimwa. Mwanamke huambiwa, "Vumilia, mwanangu, kwa ajili ya watoto." Subira ni jambo tukufu, lakini kuwaweka watoto mbele ya kipigo na matusi kila siku si kuwahifadhi. Sura ya Baqara, aya ya 231, yamkataza mume kumzuia mke kwa nia ya kumdhuru. Kwa upande wa pili, kuna wanaume watoao talaka kwa hasira ya siku moja, siku hizi hata kwa ujumbe wa simu, kana kwamba wanafunga duka. Sura ya Nisaa, aya ya 35, yataka panapohofiwa mfarakano wapelekwe waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Je, wangapi kwetu huwatafuta waamuzi hao kabla ya talaka? Wengi huwatafuta baada yake, na wakija huwa kila mmoja ni wakili wa upande wake.

Talaka ikishapita, ingefaa vita navyo vipite. Kwetu mara nyingi ndipo vinapoanza, na mtoto hufanywa barua. "Kamwambie babako ada ya skuli haijalipwa." "Kamwambie mamako yule mume wake mpya alipe." Mtoto wa miaka minane hubeba maneno haya toka Kisauni hadi Majengo, na njiani huyapunguza makali ili yasichome. Baba azuia matumizi ili amkomoe mama. Mama amzuia mtoto asionane na babake ili amkomoe baba. Wote wawili wasema wapigania haki, na alipaye ni mtoto.

Ajabu ni kwamba sheria zimekwisha kulisemea jambo hili. Aya ya 233 ya Baqara yakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu, yampa mama malezi ya mtoto mdogo, na matumizi yakawa juu ya baba. Mtoto akifikia kupambanua, kiasi cha miaka saba, hupewa hiari ya kukaa na mmoja wao. Hiari hiyo ni ya makao; hakutakiwa amchukie mmoja ndipo amchague mwengine. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Sheria ya dini na ya nchi zatofautiana katika kuugawa mzigo, lakini zaafikiana kwamba mzigo hauondoki kwa talaka.

Zamani ukoo ulikuwa ukifunika mengi. Mtoto alihamia kwa nyanya yake nyumba ya pili, ami akalipa, mjomba akakemea, na kovu likapona. Leo wengi wakaa vyumba vya kupanga mbali na jamaa, na baba huenda yuko Ghuba kikazi. Yale yaliyotendwa na ukoo kwa mazoea hayana budi sasa kutendwa kwa mapatano: matumizi ni kiasi gani na yatoke tarehe ngapi, mtoto aende kwa babake siku zipi, Idi ailie wapi, skuli alipe nani. Pesa zipite kwa simu, zisipite mkononi mwa mtoto. Baba aliye ng'ambo awe na siku yake maalumu ya kuzungumza na wanawe. Na sisi wazee tuache kumwuliza mtoto ampenda nani zaidi, hata kwa mzaha.

Basi kila penye kikao cha talaka, iwe barazani au mbele ya Kadhi, mmoja katika wazee waliohudhuria na aulize kabla ya dua: "Na watoto je?" Pasiinuke mtu mpaka jawabu limeandikwa, na wazazi wote wawili wametia sahihi.