Mwalimu wa Afrika Mashariki asiwe msaidizi wa milele

Miaka michache iliyopita rafiki yangu mmoja, mwalimu kutoka Kakamega, alipata kazi katika shule moja ya kimataifa hapa Kigali. Alikuja na shahada ya ualimu, namba ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya (TSC), na miaka tisa ya kufundisha hisabati katika shule za sekondari. Alipofika alipewa nafasi ya mwalimu msaidizi. Darasa lilikuwa la kijana aliyetoka Ulaya, ambaye alikuwa na miaka miwili tu kazini.

Rafiki yangu alisahihisha madaftari na kuwaelekeza watoto waliokwama. Kijana yule alipougua kwa wiki tatu, alilibeba darasa zima peke yake, na hakuna mzazi aliyelalamika. Mwenye darasa aliporudi, rafiki yangu naye akarudi nyuma ya chumba.

Hayo aliyavumilia. Kilichomuuma ni siku alipogundua kuwa shule ilikuwa na mikataba ya aina mbili. Walioajiriwa kutoka ng'ambo walipewa nyumba, tiketi ya ndege ya kila mwaka, bima ya familia na nafasi za masomo kwa watoto wao. Walioitwa "walioajiriwa hapa" walipewa mshahara, basi. Yeye, aliyevuka mipaka miwili kwa basi, akahesabiwa kuwa wa hapa.

"Kama mimi ni mwenyeji," aliniuliza, "kwa nini nilitakiwa kuwa na kibali cha kazi? Na kama ni mgeni, kwa nini mkataba wangu ni wa mwenyeji?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake linatuhusu wote tunaosema kila siku kuwa Afrika Mashariki ni moja.

Shule za kimataifa si jambo geni katika eneo letu. Dar es Salaam ilipata yake, International School of Tanganyika, mwaka 1963. Kampala ikafuata mwaka 1967. Shule hizo zilianza kwa ajili ya watoto wa mabalozi, wataalamu na wafanyabiashara wa kigeni. Leo hali ni nyingine. Ukisimama langoni mwa shule kama hizo Nairobi, Kigali au Arusha saa ya kutoka, utaona watoto wengi ni wetu: wa wafanyabiashara, wanasheria, madaktari na watumishi wa serikali. Wazazi wao wanalipa ada kubwa ili watoto wasome mtaala wa Cambridge au wa Baccalaureate ya Kimataifa (IB), ule ulioanzishwa Geneva mwaka 1968.

Basi fikiria mtoto huyo anaona nini kwa miaka kumi na mbili. Mwalimu wa darasa ni mtu wa mbali. Mkuu wa idara ni mtu wa mbali. Anayefanana na mama yake au shangazi yake ndiye anayegawa karatasi na kufuta ubao. Hakuna kitabu kinachomfundisha mtoto somo hilo, lakini analielewa vizuri kuliko hesabu.

Niseme wazi kwamba si shule zote ziko hivyo. Zipo zenye wakuu wa idara na hata wakuu wa shule kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, na zipo zilizokwisha kuanza kufuta mikataba ya aina mbili. Pia nakiri kuwa wenye shule wana hoja zao. Wanasema mwalimu wetu anajua kumaliza silabasi na kuandaa mtihani wa taifa, lakini hajazoea darasa ambalo mtoto anafanya utafiti wake na kumhoji mwalimu. Wanasema pia kuwa kumvuta mwalimu kutoka mbali kunahitaji marupurupu, vinginevyo haji.

Hoja ya kwanza ina ukweli, na dawa yake ni mafunzo. Mwalimu hazaliwi akijua IB, awe ametoka Manchester au Mbarara. Hoja ya pili ina ukweli nusu. Aliyetoka Kakamega naye ameacha nyumba, ameacha watoto, na anapanga chumba katika mji wa ugenini. Umbali haupimwi kwa ndege pekee.

Sasa tutazame sheria zetu wenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 10 kinazungumzia uhuru wa wafanyakazi kwenda kufanya kazi katika nchi wanachama, na kinakataza kuwabagua kwa uraia wao katika ajira, ujira na masharti ya kazi. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi zitambuane vyeti vya elimu na vya taaluma.

Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wameshatengeneza makubaliano yao ya kutambuana. Walimu, ambao ni wengi kuliko hao wote, bado wanabeba vyeti vyao kwenye bahasha kutoka ofisi hadi ofisi, wakiomba vithibitishwe upya kila wanapovuka mpaka. Mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ikiwa shahada ya Makerere au ya Moi imetoka katika eneo moja, iweje mwenye shahada hiyo awe mashakani akifika Gatuna au Namanga?

Wapo watakaosema jambo hili ni gumu. Si gumu. Oktoba 2022 Rwanda ilipokea walimu 154 kutoka Zimbabwe, nchi ambayo haimo hata katika Jumuiya yetu. Serikali mbili zilikaa, zikaandikiana makubaliano, walimu wakaja na kuingia darasani. Kinachowezekana kati ya Harare na Kigali kinawezekana kati ya Kampala na Dodoma.

Hata hivyo, mwalimu mwenzangu, tusikae tukingoja vikao. Mlango upo, hata kama ni mwembamba, na wanaoupita ni wale wanaojua jinsi unavyofunguka.

Kwanza ni kalenda. Shule nyingi za kimataifa huanza mwaka Agosti au Septemba, na huanza kutafuta walimu mapema mno, tangu Oktoba au Novemba ya mwaka unaotangulia. Kenya, Uganda na Tanzania mwaka wa shule huanza Januari au Februari. Mwalimu wetu hufunga shule Desemba, hupumzika, kisha hupeleka maombi Juni. Wakati huo nafasi nzuri zimeshajazwa na zilizobaki ni za usaidizi. Andaa maombi yako Septemba, na soma mkataba wako wa sasa ujue unatakiwa kutoa notisi ya muda gani, usije ukalazimika kutoroka katikati ya muhula. Mwalimu aliyetoroka darasa habari zake humtangulia.

Pili ni faili lako. Tangu mwaka 2014, baada ya kufichuka mwalimu mmoja aliyewadhulumu watoto kwa miaka mingi akihama shule moja hadi nyingine katika nchi mbalimbali, shule hizi zimekaza sana uchunguzi. Zitataka hati ya polisi kutoka kila nchi uliyoishi. Kenya tunaiita cheti cha tabia njema, Rwanda unaiomba kupitia Irembo, Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol. Zitataka pia wadhamini ambao walikuwa wakubwa wako moja kwa moja kazini, na zitawapigia simu. Padri wa parokia au mjomba aliye diwani hasaidii hapa. Na usiache pengo la mwaka mzima lisiloelezwa katika wasifu wako. Kama ulikuwa unamuuguza mzazi au unalima, andika hivyo. Kuuguza mzazi si aibu, ila ukimya huleta shaka.

Tatu ni mtaala. Usingoje shule ikupeleke mafunzoni. Mitihani ya zamani ya Cambridge na miongozo ya masomo inapatikana kwenye intaneti. Ichukue, ifanye mwenyewe, uone swali linavyoulizwa na alama zinavyogawanywa. Kama una akiba, kozi fupi ya IB ni bora kuliko shahada ya pili isiyohusiana na darasa. Usaili wenyewe mara nyingi huwa na somo la mfano. Hapo wengi wetu tunaanguka, kwa sababu tunahutubia dakika arobaini watoto wakiwa kimya, tukidhani ukimya ni nidhamu. Msaili anatazama watoto wanafanya nini, si wewe unasema nini.

Nne, ukipewa nafasi ya usaidizi kwa sababu hukuwa na nyingine, ichukue kwa masharti. Uliza kabla ya kutia saini: ni lini nitapimwa ili nipewe darasa langu? Nani atanipima? Jibu liandikwe. Rafiki yangu hakuuliza, na ilimgharimu miaka mitatu. Alipochoka alilipia kozi kwa fedha zake, akaomba kazi shule nyingine ng'ambo ya mpaka, na sasa ana darasa lake na anaratibu hisabati ya sekondari. Uwezo alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Miaka mitatu ile hakuna atakayemrudishia.

Kuna mlango mwingine ambao ni wetu hasa, nao ni Kiswahili. Mwaka 2021 Jumuiya ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, na mwaka huohuo UNESCO ikatenga Julai 7 kuwa siku yake duniani. Cambridge hutahini Kiswahili katika IGCSE. Shule inayotaka kukifundisha kwa uzito haitampata mwalimu London. Itampata Zanzibar, Mombasa, Morogoro au Bukavu. Lakini mwalimu wa Kiswahili aliyemo humo ajihadhari. Shule nyingi hukifanya kipindi cha nyimbo, salamu na mavazi ya siku ya utamaduni, na mwalimu wake hubaki mtu wa sherehe. Dai kipindi chenye silabasi, mtihani na idara. Somo lisipoheshimiwa, anayelifundisha hataheshimiwa.

Na tusiwatupie macho Wazungu peke yao. Uingereza ilipofungua milango ya usajili wa ualimu Februari 2023 kwa nchi kadhaa zikiwemo Nigeria, Ghana, Afrika Kusini na Zimbabwe, hakuna hata moja ya Afrika Mashariki iliyokuwamo. Uingereza ni nchi ya watu na ina haki ya kuchagua. Lakini Rwanda, Uganda, Kenya, Tanzania, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia zimechagua kuwa jumuiya moja. Katika hizo mwalimu wetu hapaswi kubisha hodi kama mtu baki.

Ninachoomba ni mambo matatu. Mosi, wizara za elimu na vyombo vinavyosajili walimu wakubaliane juu ya usajili unaotambulika katika nchi zote wanachama, ili namba ya TSC ya Kenya isomeke Kigali na cheti cha Uganda kisomeke Dodoma. Pili, mamlaka zinazotoa leseni kwa shule za kimataifa ziulize kila mwaka: walimu wangapi wa Afrika Mashariki wana madarasa yao, wangapi ni wakuu wa idara, na wangapi wamepelekwa mafunzoni? Shule inayojua itaulizwa itatafuta jibu. Tatu, mshahara na marupurupu vifuate kazi na uzoefu, na posho ya kuhama apewe kila aliyehama, awe ametoka Bristol au Bungoma.

Wazazi nao wana sauti. Siku ya kutembelea shule mnauliza kuhusu bwawa la kuogelea, kompyuta na matokeo. Ulizeni pia walimu wa nchi zetu wamefika ngazi gani humo ndani, na kama walio katika kazi moja wanalipwa kwa kipimo kimoja. Ada ni yenu, na mwenye shule husikia haraka lugha ya anayelipa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuwafukuzi walimu wa mbali. Wametufundisha mengi, na wengine wamekuwa ndugu. Tunachotaka ni ile nusu ya pili ya methali: mwenyeji naye apone. Na mwenyeji, kwa mujibu wa itifaki tuliyosaini wenyewe, ni pamoja na yule mwalimu wa Kakamega aliyeshuka kwenye basi Nyabugogo na begi moja la vyeti.