Diski Bila Mafuta Mapya ya Breki Ni Urembo Tu

Wasee wa Kitale na Bungoma, tuambiane ukweli. Mtu akifufua skuta ya zamani, Vespa ama Lambretta, doo yote inaenda kwa rangi, siti na vioo. Halafu anapost picha ya gurudumu la mbele, anaandika: "Diski ya haidroliki hiyo." Sawa. Swali langu ni moja: mafuta ya breki yaliyo ndani yana miaka mingapi?

Diski kwa skuta si kitu cha jana. Lambretta TV 175 ilikuwa nayo 1962, lakini ile ilivutwa kwa kebo. Skuta nyingi za enzi hizo zilitoka kiwandani na breki za dramu, haidroliki ikafungwa baadaye na fundi. Kazi safi kabisa. Shida ni kwamba ikishafungwa hakuna mtu huifungua tena, na mipira ya ndani inazeeka kimyakimya.

Mimi nasema dramu iliyotunzwa inashinda diski iliyosahaulika. Dramu ikiisha inakuonya: kila wiki unavuta mkono wa breki zaidi kidogo, unakaza kebo. Haidroliki inaweza kukutoroka ghafla. Mafuta ya DOT 4 hunywa unyevu wa hewa. Yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanywa maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Unavuta breki inafika hadi usukani, na skuta bado inaenda.

Sasa leta hiyo kwa barabara yetu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma kama 1,400. Ukipitia Kiminini na Kamukuywa umebeba mtu, mwisho wa safari umeshuka karibu mita 500. Si mteremko mmoja, lakini kila ukishika breki, moto unaingia kwa kalipa.

Najua mtasema vipuri vya skuta ya zamani havipatikani. Lakini hapa hatutafuti injini, tunatafuta siili. Toa ile ya zamani, enda nayo dukani ipimwe. Mafuta ya breki soma kwa kifuniko cha masta silinda imeandikwa DOT gani, badilisha kila miaka miwili, na mwambie fundi atoe hewa yote. Na tafadhali, oili ya injini isiingie hapo, itavimbisha mipira.

Kabla ya picha inayofuata, simama, vuta breki uishikilie. Ikizama polepole, kuna mahali inavuja, mara nyingi ni siili ya masta silinda. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa. Rangi inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Huyo umembeba nyuma hajui hata kama kuna kitu cha kuuliza.