Maonyesho ya Baridi kule London, na Vitabu vya Ethiopia Je?

Wanafunzi wenzangu, sisi tukisikia neno maktaba tunawaza kabati, kimya, na mtu mwenye kushika ufunguo. Kule London iko namna ingine. Maktaba kubwa ya Uingereza, British Library, imezoea kufungua maonyesho makubwa karibu na mwezi wa kumi, nayo yanaendelea mpaka mwezi wa pili. Ni majira ya baridi. Katika mwezi wa kumi na mbili, saa kumi ya jioni jua limekwisha kuzama, na watu wanatafuta mahali penye joto na mwangaza. Basi wanaingia, wanazunguka vitrini, wanasikiliza muziki na mafundisho ya wataalamu.

Kuna wenye kusema kwamba huo ni mchezo tu, maktaba ni ya kusoma. Mimi nakataa. Katika baridi ya 2015-2016 walionyesha mambo ya Afrika ya Magharibi, wakaweka ngoma zenye kusema pamoja na vitabu, na nyimbo za Fela Kuti vilevile. Mtu wa Kisangani hawezi kushangaa, kwani Walokele walitumiana habari kwa ngoma, na misionere John Carrington aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Kuonyesha ni vizuri. Neno langu ni lingine: ni vitu vya nani, na nani anaweza kuviona?

Tuangalie mwaka 2018. Mwezi wa kumi wa mwaka ule walifungua maonyesho juu ya falme za kale za Waingereza. Kitu kikubwa kilikuwa Biblia moja ya Kilatini, Codex Amiatinus, iliyoandikwa na watawa wa Uingereza ya kaskazini. Ina karatasi 1,030 za ngozi na uzito wa zaidi ya kilo 34 (mzigo wa kubeba mabegani, si wa mkononi!). Mwaka 716 mkubwa wao Ceolfrith alisafiri nayo ili aipeleke Roma iwe zawadi kwa Papa. Yeye mwenyewe akafa njiani, kule Ufaransa, lakini Biblia ilifika Italia, na leo inakaa Firenze. Waitalia wakakubali kuiazimisha. Ndiyo mara ya kwanza ilirudi Uingereza tangu miaka 1,302. Waingereza walifurahi sana, na mimi nawaelewa: ni kazi ya mikono ya babu zao.

Kumbe, mwaka ule ule, tangu mwezi wa pili, katika nyumba ile ile, walikuwa wameonyesha vitabu vya Ethiopia, vya ngozi pia, vyenye picha za rangi nzuri. Vingi vya vitabu vya Ethiopia vinavyokaa pale havikutoka kama zawadi. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilivunja ngome ya Maqdala, Mfalme Tewodros II akajiua, na askari wakateka mali. Inasemwa ndovu 15 na nyumbu karibu 200 ndio walibeba mizigo. Mtu wa makumbusho ya London, Richard Holmes, alikuwa amefuatana na jeshi kusudi achague vitu. Vitabu karibu 350 viliingia katika akiba ya Waingereza, na ndivyo maktaba ile inavyo leo.

Sasa, mwenye kutoa machozi ya furaha mbele ya Biblia ya babu zake, iliyotoka kwa mapenzi yao wenyewe, anashindwaje kuelewa Mwethiopia?

Wanajibu kwamba sheria yao inakataza maktaba kutoa vitu vya akiba, isipokuwa kwa sababu chache. Sawa. Lakini mwaka 1872, Mfalme Yohannes IV alipoomba kitabu cha Kebra Nagast, walikirudisha. Wakitaka, njia inapatikana. Sheria imetungwa na watu.

Wanajibu tena kwamba vingi vimekwisha kupigwa picha, Mwethiopia avisome katika intaneti. Neno hili linanichekesha kidogo. Mwezi wa kumi 2023 wezi wa kompyuta waliishambulia maktaba ile, na kwa miezi mingi picha za vitabu vyake vya mkono hazikuweza kufunguliwa. Picha ni msaada, siikatai. Ila hakuna Mwingereza aliyesema katika 2018: msilete ile Biblia, picha inatosha.

Wengine watasema: basi waazimishwe, kama Firenze ilivyofanya. Hapo nafikiri mara mbili, ju ya jambo letu wenyewe. Mwezi wa sita 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, kikaitwa mkopo usio na mwisho. Wengi walifurahi kukiona. Lakini mtu kukopeshwa kitu cha baba yake, hii ni namna gani? Kwa Biblia ya Ceolfrith mkopo ni haki, maana ilitolewa. Kwa vitabu vya Maqdala mkopo unaweza kuwa mwanzo tu, na hata huo mimi ningeupokea leo: baridi moja London, kiangazi kinachofuata Addis Ababa, na watoto wa shule waingie bila kulipa. Baadaye karatasi za umilki zifuate.

Mwenye kukataa haya aandike katika namba ijayo, nitamjibu.