Nani Analala Kisarawe?

Kila Jumapili alasiri magari madogo hupanda vilima vya Pugu yakitokea Gongo la Mboto, hupita Kisarawe mjini na kushika njia za Maneromango, Masaki na Msanga. Ndani yake mna watoto wa watu, wakubwa wenye watoto wao. Wamebeba sukari, mchele, dawa ya kuchua miguu na doti moja ya kanga. Hukaa barazani saa mbili, hupiga picha na mama, hula mihogo ya nazi aliyoipika mama mwenyewe, maana mgeni haingii jikoni kwa watu. Kabla ya magharibi hurudi garini na gunia la mihogo, matita ya kisamvu na, msimu ukiwa wake, maembe na machungwa yasiyohesabika. Mtu akiitia mizigo hiyo miwili katika mizani atakuta kwamba aliyempa mwenziwe matumizi ni ajuza.

Kisha usiku unaingia. Na usiku huo ndio ambao washairi wa pwani hawajautungia beti.

Hapana bahari ya ushairi iliyopigwa makasia mengi kuliko sifa za mama. Kurasa za mashairi magazetini zimejaa, redio zimejaa, na harusi haiishi bila mtu kusimama na karatasi yake. Yaliyomo yanajulikana kabla hayajasomwa: miezi tisa, uchungu, ziwa, mbeleko, na zile usiku alizokesha mama mtoto alipokuwa na homa. Vina vinalingana na mizani haipungui. Lakini msomaji atazame hesabu ilivyofanywa. Usiku za mama kwa mtoto zimehesabiwa moja moja, na kila moja imepewa ubeti wake. Usiku za mtoto kwa mama hazimo. Ubeti wa mwisho huomba radhi, huahidi kutosahau, na mshairi hupigiwa makofi kama mtu aliyelipa deni, hali amelisoma tu kwa sauti nzuri.

Si kwamba ushairi wa Kiswahili haukuwahi kuingia chumba cha mgonjwa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi ambao hadi leo unasomwa kutoka Lamu hadi Unguja. Tangu hapo wasomi wamegombana juu ya mafunzo yake kuhusu mume, wengine wakiyatetea na wengine wakiyalaani, na mjadala huo una faida zake. Lakini kabla ya mume hajatajwa, mama anamwita binti asogee karibu, atwae wino na karatasi. Maana yake binti alikuwapo, karibu kiasi cha kusikia sauti ya mtu aliyedhoofika. Wosia ule wote umesimama juu ya jambo hilo dogo lisilosemwa sana, na kama Mwana Hashima angekuwa mbali siku ile, huenda fasihi ya pwani ingekosa moja ya nguzo zake. Shaaban Robert naye alifuata mkondo huo huo wa mzazi kusema na mwana alipowatungia wanawe tenzi za Adili na Hati. Mzazi amekwisha sema, tena kwa ufasaha. Jibu la mtoto ndilo lililobaki kuwa kadi ya pongezi.

Basi nani analala Kisarawe? Mara nyingi ni mjukuu wa kike, aliyeletwa kutoka mjini kwa kisingizio kwamba bibi atamlea, na ambaye kwa miaka yake kumi na miwili ndiye amleaye bibi. Au ni binti aliyeachika, ambaye ndugu zake wameamua bila kikao kwamba mtu asiye na mume hana shughuli. Au ni mkaza mwana, ambaye hakuzaliwa na ajuza yule wala hakunyonya ziwa lake. Huyo ndiye anayeamka saa nane za usiku kumshika mzee mkono hadi chooni, uani, gizani, mvua ikinyesha. Ndiye anayebadili shuka, anayeponda muhogo uwe laini kwa kinywa kisicho na meno, anayemgeuza aliyepooza ubavu huu na ubavu huu asipate vidonda. Ndiye anayeulizwa kwa mara ya saba usiku mmoja kama baba amerudi kutoka shamba, baba aliyezikwa zamani, na anajibu kwa mara ya saba kwamba yu njiani. Hapa pana ushairi mzito kuliko miezi tisa yote, ila mshairi hakulala huko akauona.

Malipo ya mtu huyo ni simu. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, mwaka 2008, mtoto wa mjini amepata namna ya kuwapo bila kuwapo. Elfu ishirini zinaingia, na maagizo yanafuata: mama asile chumvi, apelekwe zahanati, mbona amekonda? Mwenye kutuma fedha anakuwa mwenye kauli, na mwenye kufua mashuka anakuwa mwenye lawama. Fedha ni kitu, asidharau mtu. Dawa ya shinikizo la damu hainunuliwi kwa dua. Ila fedha haijapata kumshika mtu mkono hadi uani.

Watetezi wa magari ya Jumapili wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Mtu anayetoka Mbezi alfajiri ili awahi kazi Kariakoo hawezi kwenda kulala Maneromango kila siku. Wengine husema, kwa haki, kwamba walimwita mama mjini naye akakataa, au alikuja akakaa mwezi mmoja akaomba nauli. Lakini alikataa nini? Alikataa kukaa ndani ya ukuta wenye geti, mbele ya televisheni, katika nyumba ambayo watu wote hutoka saa kumi na moja za alfajiri na kumwacha na msichana wa kazi. Kisarawe ana mwembe, ana jirani wa kumpigia hodi, ana ukili wa kusuka mkeka hata kama macho yamepungua, ana mtu wa kumwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba. Kumhamisha ni kumpokonya hayo. Watoto watano kugawana usiku, kila mmoja akalala pale siku mbili au tatu kwa mwezi, si muujiza. Walipokuwa wadogo walipangiwa zamu za kuchota maji, na walizijua.

Kuna jibu jingine, na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa limevaa kanzu ya fahari. Husemwa kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake. Wanaotupa wazee ni Wazungu, wenye nyumba za kuwaweka. Anayesema hivyo Unguja amepita mara ngapi mbele ya nyumba za wazee za Sebleni na Welezo? Anayesema hivyo Dar es Salaam hajavuka kwenda Kigamboni akasikia habari za makazi ya Nunge? Nyumba hizo zipo, na waliomo ni wazee wa hapa hapa. Aibu si nyumba kuwapo, maana mzee asiye na mtu anastahili paa na chakula. Aibu ni ule uongo kwamba hazipo, ambao kazi yake ni kumfanya mwenye mama aliye peke yake ajione mwema kwa sababu tu hakumpeleka popote.

Dola nayo imeegemea uongo huo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, neno zuri, ila familia iliyotajwa ni ile iliyokuwa ikilala nyumba moja. Mkulima wa mihogo hakuwahi kuwa na mwajiri wa kumwekea mafao. Zanzibar angalau ilithubutu: tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 na kukidhi masharti ya ukaazi alianza kupewa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mvuvi, mkulima au mama wa nyumbani. Zilikuwa chache, lakini zilimfikia mzee mkononi bila kumpitia mtoto.

Halafu mzee anakufa. Hapo ndipo miujiza huonekana. Wale waliokosa nauli kwa miezi minane wanafika kabla ya alfajiri. Daftari la mchango linafunguliwa na kujaa. Turubai linafungwa, mchele unaletwa kwa magunia, na waliokuja wanalala, ndiyo, wanalala, siku tatu mfululizo, juu ya ile mikeka aliyoisuka marehemu. Mmoja anasimama kusoma shairi. Siku ya arubaini kikao cha shamba kinaitishwa, na hakuna anayesema ana kazi, kwa kuwa viwanja vya Kisarawe vina bei siku hizi.

Shairi lile lililosomwa msibani hupelekwa gazetini, na huchapishwa. Mhariri hulipenda kwa sababu mizani yake imetimia. Hakuna anayemuuliza mtunzi alikuwa wapi mwezi uliotangulia.

Jumapili bado inaendelea. Gari la mwisho limeshuka kuelekea Pugu na gunia lake la mihogo, na vumbi limetulia. Binti anaondoa vikombe barazani, anaikunja kanga mpya na kuiweka sandukuni juu ya zile nyingine ambazo hazijavaliwa. Kisha anawasha kuni apashe maji. Ndani, sauti inamwita kwa jina la mamake, naye anaitika labeka.